Nasali usiku kucha lakini amani haiji. Je, nimepoteza imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, naishi Mbeya. Mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua figo. Tulikopa sana ili asafishwe damu: VICOBA, kwa ndugu, na mwishoni tukaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Naamka saa nane usiku nahesabu marejesho mpaka kunakucha. Nasoma Wafilipi 4 kila siku, nafunga, nakesha, lakini hiyo amani siioni. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema hofu yangu ni kukosa imani, na kwamba ukoo wa mume wangu una laana inayohitaji sadaka maalumu ili ivunjwe. Shemeji zangu nao wanakitaka kiwanja. Ninaimba kwaya, lakini siku hizi wimbo ukianza nalia tu, nafikiria kuacha. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Je, nimepoteza imani? Amani ya Kristo naipataje?

JIBU: Amina, dada yangu, asifiwe. Pole sana. Pole ya msiba, pole ya madeni, na pole ya kutupiwa lawama ukiwa bado hujafuta machozi.

Nianze na sentensi uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba haina uzito, ile ya kutamani kulala usiamke. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hospitalini, kukaa na wagonjwa na waliofiwa, na maneno hayo nimeyasikia kwa wengi. Wengi wao walikuwa wamechoka, wanatafuta mapumziko. Lakini wapo ambao wazo hilo liliwazoea likawa rafiki, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo nakuomba kitu leo hii: mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie maneno hayo kama ulivyoniandikia mimi, bila kuyapunguza. Na kama umeshaanza kufikiri utafanyaje na lini, usilale peke yako usiku wa leo. Nenda hospitali na mtu, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Najua watu wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya Mirembe, wanaanza kunong'ona. Waache wanong'one. Mtu ambaye hajalala sawasawa kwa miezi anahitaji matibabu, na hospitali za mkoa na za rufaa zina huduma hiyo. Mumeo alipopelekwa kusafishwa damu hakuna aliyesema amemkana Mungu. Na wewe ukipewa dawa na daktari, au ukikaa na mnasihi, hujamkana.

Sasa swali lako lenyewe. Umepoteza imani? Hapana. Mtu aliyepoteza imani haamki saa nane za usiku kumlilia Mungu. Unachokosa ni utulivu, na mtu amekwambia kwamba utulivu na imani ni kitu kimoja. Hapo ndipo ulipoumizwa, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Unasoma Wafilipi 4 kila siku: "Msijisumbue kwa neno lo lote." Naomba kesho usianzie hapo. Anzia sura ya 1, uusome waraka wote kama barua, maana ni barua kweli. Paulo anaiandika akiwa amefungwa, hajui hukumu yake itakuwa kuishi au kufa. Ukifika sura ya 2, kuanzia mstari wa 25, utamkuta Epafrodito. Huyu ndiye aliyetumwa na kanisa la Filipi kumpelekea Paulo msaada, akaugua huko karibu kufa. Mungu akamponya, na Paulo anasema Mungu alimhurumia na yeye pia, asiwe na "huzuni juu ya huzuni." Soma maneno hayo mara mbili. Mtume yuleyule, katika barua ileile, kabla hajafika kwenye amani ipitayo akili zote, anakiri kwamba tayari alikuwa na huzuni moja na alikuwa karibu kuongezewa ya pili. Katika sura ya 3 anataja machozi yake. Hakuna mahali anapoyaombea msamaha.

Kisha soma baada ya ahadi ile, kitu ambacho wahubiri wetu wengi hatukifanyi, tunafunga Biblia kwenye mstari wa 7. Ukiendelea hadi mstari wa 14 unakuta hivi: "Lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Halafu anataja jinsi walivyomtumia msaada mara ya kwanza na ya pili alipokuwa Thesalonike. Yaani barua inayobeba ahadi kuu ya amani ni barua ya kushukuru kwa msaada wa fedha na mahitaji. Aliyesema msijisumbue alikuwa na watu waliochanga, wakamtuma mtu, na mtu huyo akafunga safari ndefu hadi akaugua. Amani ya Mungu ilimfikia Paulo akiwa na kanisa nyuma yake. Wewe umepewa mstari wa 6 peke yake, ukaachwa nao chumbani usiku wa manane. Ukikulemea, si kosa lako.

Na Bwana mwenyewe je? Unaijua Yohana 14:27: "Amani nawaachieni; amani yangu nawapa." Maneno hayo yalisemwa usiku ule wa mwisho, mezani. Lakini rudi nyuma kidogo, Yohana 13:21, mezani hapohapo: Yesu "alifadhaika rohoni." Na muda mfupi baadaye, Gethsemane, anawaambia Petro na wana wa Zebedayo: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Usiku mmoja, mtu mmoja. Anatoa amani yake, na saa chache baadaye anasema huzuni imemfikisha pa kufa, na anaomba wenzake wasimwache. Kama kufadhaika kungekuwa dalili ya kukosa imani, basi tungelazimika kumhukumu na yeye. Kwa hiyo chochote kile amani ya Kristo ilivyo, haiwezi kuwa kutokusikia maumivu. Ni amani ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo huku jasho likimtoka na miguu ikiendelea kwenda kwa Baba. Ndiyo maana siku zote nawaambia waliofiwa: usipime amani kwa namna unavyojisikia saa nane za usiku. Saa hiyo mwili umechoka na kila deni linaonekana mara tatu ya ukubwa wake.

Basi usiku ule ukiamka ufanye nini? Kwanza, acha kuilazimisha amani ije. Kukesha kwako na kufunga kwako kumeanza kuwa deni jingine unalolilipa. Mfungo uusimamishe kwa sasa, kula. Eliya alipofika pa kukata tamaa, chini ya mretemu, akasema "yatosha," akaomba afe, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, kwenye mlima Horebu. Uji wa jioni na usingizi wa saa mbili mchana, watoto wakiwa shule, ni mambo ya Mungu pia.

Pili, omba kwa maneno ya kulalamika. Hili kwa waumini wengi wa kwetu ni gumu, tumefundishwa kwamba mbele za Mungu ni shukrani na ushindi tu. Lakini katika kitabu cha Zaburi, zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Chukua ya 13, ni mistari sita tu. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Mwandishi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo kabla hajaomba chochote. Isome kwa sauti, siyo moyoni. Ukifika pale anapotaja adui, weka majina ya mambo yako: riba, kiwanja, kitanda cha upande mmoja. Nimewahi kuisoma na mama mmoja aliyefiwa, tukiwa kwenye benchi nje ya wodi. Alipofika "hata lini" ya tatu akanyamaza, akaufunika mstari kwa kidole, akauliza, "Haya yameandikwa kweli humu?" Alikuwa ameisoma Biblia tangu utoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa.

Zaburi ya 13 inaishia kwa tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Kuna usiku hutaweza kuusema mstari huo. Basi nenda ya 88, ambayo inaanza kwenye shida na kumalizikia gizani, bila hata mstari mmoja wa furaha mwishoni, na bado ni neno la Mungu. Na kuna usiku ambao hata kusoma kutashindikana. Paulo analijua hilo, anasema Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Ukikaa kitandani ukaguna tu, umeshasali.

Sasa nije kwa kiongozi wako wa maombi. Hapa nitasema wazi kwa sababu jambo hili linanikera na linanihuzunisha. Usitoe sadaka hiyo. Usiikope, usiiahidi, usiuze kitu kuitafuta. Sadaka ya shukrani, ya hiari, kadiri ulivyobarikiwa, ni ibada njema, na kwa hali yako hata mia tano ni kubwa. Lakini malipo ya kuvunja laana ni biashara. Simoni wa Samaria alipotaka kulipia kipawa cha Mungu, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Kuhusu laana yenyewe, wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Imelipwa msalabani. Mumeo aliugua figo, ugonjwa unaowapata waliookoka na wasiookoka, na mara nyingi chanzo chake ni presha au kisukari kilichokaa mwilini muda mrefu bila kugunduliwa. Hilo liwe sababu ya wewe na watoto kupima afya, basi.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, kimya, na katika siku hizo saba hawakukosea kitu. Walikosea walipoanza kueleza sababu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao walioeleza, na anamtetea Ayubu aliyelalamika. Ningependa kila kikundi cha maombi kiisome sura ile ya 42 kabla ya kwenda kwa mfiwa. Huyo kiongozi huenda ana nia njema, siwezi kumhukumu kwa mbali. Lakini mwombe akuombee bila malipo. Akishindwa, badilisha kikundi, na umweleze mchungaji wako kilichosemwa. Yesu aliwaonya wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Onyo hilo ni letu sisi viongozi kwanza.

Madeni nayo yanataka mchana, hayamalizwi usiku. Tafuta mtu mmoja kanisani anayejua hesabu, mzee wa kanisa au mama wa umoja wa wanawake mwenye siri. Kaeni na daftari. Andika kila deni kwenye ukurasa wake: nani anadai, mlichukua kiasi gani, kimerudishwa kiasi gani, riba, na sahihi ni ya nani. Hilo la sahihi ni kubwa. Deni alilokopa marehemu peke yake, kwa kawaida hulipwa na msimamizi wa mirathi kutoka katika mali aliyoiacha. Halihamii kwako kwa sababu tu ulikuwa mkewe, isipokuwa kama ulisaini au ulimdhamini. VICOBA ni watu unaowajua, waombe wakupangie upya, na uliza kama mfuko wa jamii wa kikundi unagusa msiba wako. Hao wa kausha damu waulize leseni yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Usiende peke yako kuuliza, nenda na huyo mwenzako au na msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi hao wanatambuliwa rasmi, na kwa asiye na uwezo huduma yao ni bure. Uliza ofisi ya kata au ustawi wa jamii.

Halafu daftari hilo ndilo uombe nalo. Petro anasema tumtwike Mungu "fadhaa zenu zote." Fadhaa isiyo na jina ni ngumu kumtwika mtu. Weka mkono kwenye ukurasa mmoja, sema jina na kiasi, omba neno moja kuhusu deni hilo, funga. Usiku mwingine ukurasa mwingine. Ukiamka saa nane na mahesabu yakianza, jiambie yameandikwa, yapo kwenye daftari, nitayafungua asubuhi. Nimeona hili likirudisha usingizi kwa watu ambao mikesha iliwachosha.

Kuhusu shemeji zako, usisaini karatasi yoyote ya kiwanja kabla mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa. Wakikwambia Mkristo anasamehe, wajibu kwamba unasamehe na unafungua mirathi. Mambo hayo mawili hayapigani. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alikuwa miongoni mwa maaskofu waliomwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji, Februari 1977. Siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na Kivengere na mkewe wakatoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Huko uhamishoni, alikuja kusimulia, uchungu ulimjaa hadi ukawa unamkausha rohoni. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," yalimshika, akajua lazima amsamehe Amin. Akamsamehe. Lakini hakuacha kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na hakurudi nyumbani hadi Amin alipoondolewa 1979. Kusamehe kulimrudishia moyo wake, na hakukumnyima adui yake ukweli. Basi watoto wako wapewe haki yao mahakamani, na wewe ombea shemeji zako kwa majina, hata kama kwa sasa ni kwa meno yaliyokazwa. Mungu hupokea pia sala za namna hiyo.

Utaijuaje amani ikija? Wajane na wagane niliokaa nao hawakuja kunitangazia kwamba imefika. Walikuja na habari ndogo. Mmoja alisema amelala mpaka adhana ya alfajiri. Mwingine alimcheka mtoto wake mezani, halafu akaona aibu kwamba amecheka, halafu akacheka tena. Mwingine alipita kwa daladala mbele ya ile hospitali alikofiwa na hakushuka. Huzuni ilikuwa bado ipo, na kwa baadhi yao bado ipo hadi leo, hasa mwezi ule wa msiba ukirudi. Lakini walikuwa wanaweza kufanya kazi ya siku hiyo, na walikuwa hawamwogopi tena Mungu. Maombolezo 3, iliyoandikwa baada ya Yerusalemu kubomolewa, inasema mstari wa 17 kwamba nafsi imewekwa mbali na amani, na mistari michache tu mbele inasema rehema za Bwana "ni mpya kila siku asubuhi." Mwandishi hakungoja mji ujengwe upya ndipo aseme hivyo. Ulikuwa bado magofu mbele ya macho yake. Rehema ya asubuhi moja ilimtosha kwa asubuhi hiyo, na wewe usidaiwe zaidi.

Swali la kwaya nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Usiache. Nenda mazoezini, kaa kwenye sauti yako, na wimbo ukikushinda nyamaza, wenzako wataimba na sehemu yako. Ukilia, lia, Yesu naye alimlilia Lazaro, tena akijua kwamba dakika chache baadaye atamfufua. Mwambie mwalimu wa kwaya mapema ili asikupe kuanzisha wimbo miezi hii. Na mchango wa sare mpya, kama mnachangishana, mwambie mwenyekiti kwamba mwaka huu huna. Asipokuelewa, mwambie ni mchungaji ndiye aliyekukataza.